Triko, sindano na Kiswahili: namna tulivyotafsiri modeli ya mama mukubwa

Watu wanapotaja mila za kwetu Katanga, wanahesabu ngoma, mithali, majina ya ukoo, mahari, kilio na vyakula. Hakuna anayetaja triko. Hata sisi tunaoandika kurasa hizi hatukuwa na fikira ya kuitia katika orodha hiyo. Triko ilikuwa kazi ya wamama, kitu cha kufanyia mikono wakati wa mangaribi, huku masikio yakisikiliza habari za kartiye. Lakini ilitufikia kazi moja ambayo ilituonyesha kwamba nyuma ya zile sindano mbili kuna historia ndefu, na kuna lugha nzima ambayo mpaka leo haijaandikwa. Kazi hiyo ilikuwa kutafsiri karatasi moja ya modeli, kutoka Kiingereza mpaka Kiswahili chetu, kwa ajili ya mama mukubwa wetu, ndada mukubwa wa mama yetu.

Tunaomba msomaji asicheke haraka. Atakayefuata hadi mwisho ataona kwamba jambo hili linagusa nyumba nyingi.

1. Triko ilitoka wapi?

Wengi wanasema triko ni kitu cha Wazungu. Si uwongo kwamba ni wao walioileta kwetu, lakini hawakuwa wa kwanza kuifanya. Vipande vya zamani sana vinavyojulikana vilipatikana Misri. Ni soksi za pamba, nyeupe na buluu, na wataalamu wanaziweka kati ya karne ya 11 na ya 14. Nyingine zina maandishi ya Kiarabu yaliyofumwa ndani yake. Kutoka pande hizo ufundi ulivuka hadi Uhispania. Huko, katika makaburi ya wafalme ya Las Huelgas karibu na mji wa Burgos, yalipatikana matakia yaliyofumwa katika karne ya 13. Kwa hiyo kazi hii ilipita Afrika ya Kaskazini kabla ya kuwa kazi ya bibi wa Ulaya.

Ulaya yenyewe, kwa muda mrefu, triko ilikuwa kazi ya mafundi wanaume waliokuwa na vyama vyao, na sheria za kumpima kijana kabla ya kumwita fundi. Mwaka wa 1589, huko Uingereza, padri mmoja aliyeitwa William Lee alibuni mashine ya kufuma soksi. Baada ya hapo mashine ziliendelea kuongezeka, na kazi ya mkono ikabaki zaidi kwa wanawake na kwa watu wa visiwa na milima.

Sasa, jambo la kushangaza ni hili: kwa karne nyingi hakuna aliyeandika modeli. Mama alimuonyesha binti, binti alitazama vidole. Karatasi za modeli zilianza kuenea karne ya 19 tu, pale vitabu vilipokuwa rahisi kuchapwa. Mmoja wa walioanzisha njia hiyo ni Jane Gaugain, mama mwenye duka la nyuzi mjini Edinburgh, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1840. Yeye alitunga alama zake mwenyewe, herufi moja kwa kila tendo la mkono, na wengine walitunga zao. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule alipaswa kwanza kujifunza alfabeti ya mwandishi kabla ya kuanza kufuma. Tukumbuke neno hili, tutalirudilia: hata kwa Wazungu, karatasi ilikuja nyuma ya mkono.

2. Namna ilivyofika Katanga

Union Minière ilianzishwa mwaka wa 1906, na mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianza mwaka wa 1910, ule mwaka reli ilipofika kutoka kusini. Katika miaka ya kwanza wafanyakazi wa migodi walikuwa wanaume waliokuja peke yao, wanafanya miezi, wanarudi mugini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha siasa yake. Ilitaka mfanyakazi akae miaka, aoe, alete bibi na azae watoto kambini. Njo vile kambi zilijaa wamama, na wakubwa wakajiuliza: hawa wamama wafundishwe nini?

Jibu lao lilikuwa shule za kazi za nyumbani, vyumba vya kushonea, na baadaye vile vilivyoitwa foyers sociaux. Mamasera na mabibi wa Kibelgiji walifundisha kupika kwa namna yao, kupiga pasi, kuosha mtoto, kushona na kufanya triko. Tuseme ukweli: nia yao haikuwa kumpa mwanamke wa Kongo elimu sawa na ya mwanaume. Katika mpango wa masomo wa mwaka 1948, wavulana walifunguliwa njia ndefu zaidi, wasichana wengi wakabakishwa kwenye sindano na sufuria. Mama mukubwa wetu alikuwa na akili kali ya hesabu. Alitamani kusoma kama kaka zake. Alipewa leni na sindano mbili.

Lakini mtu anaweza kupewa kitu kidogo akakifanya kikubwa. Lubumbashi iko juu ya mita 1.200 hivi, na wote waliolala hapa mwezi wa 6 ao wa 7 wanajua ile baridi ya asubuhi. Mtoto mchanga anahitaji bone, vitambaa vya miguu na triko. Wamama waliotoka shuleni walifundisha majirani ambao hawakuingia shuleni. Aliyekosa sindano alinoa rayon za kinga juu ya jiwe. Aliyekosa leni alifumua triko ya zamani, akaosha uzi, akauning'iniza na jiwe chini kusudi unyooke, halafu akaanza upya. Kampuni ilitaifishwa mwaka wa 1967, baadaye ikawa Gécamines, mji ulikuwa umebadilisha jina mwaka uliotangulia, triko iliendelea. Na pale Gécamines ilipoanguka, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wakatolewa kwa ile mpango ya « départs volontaires », nyumba nyingi zilikula kwa mikono ya wamama. Wengine waliuza unga, wengine mikate, wengine makaa. Mama mukubwa aliuza triko za watoto wa shule na nguo za vichanga. Mabwana waliowahi kusema triko ni mchezo wa wanawake walinyamaza mwaka ule.

3. Karatasi kutoka Uskoti

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa 2011, binti wa mwisho wa mama mukubwa, aliyeolewa Uskoti, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Bwana wake ni mtu wa ukoo wa visiwa vya Shetland, vilivyo mbali kule kaskazini. Wanawake wa visiwa vile wanajulikana tangu karne ya 19 kwa shali za leni nyembamba sana, ambazo hata shali kubwa inaweza kupita ndani ya pete ya ndoa. Katika ukoo wa yule bwana, kila mtoto aliyezaliwa alifunikwa shali iliyofumwa na nyanya yake. Lakini mama wa bwana alikuwa na ugonjwa wa viungo, vidole vyake havikuweza tena kushika sindano. Akatuma fotokopi ya modeli kwa mkwe wake, na barua fupi. Aliuliza kama yule nyanya mwingine, wa Kongo, angekubali kuifanya kwa mahali pake.

Hapa kwetu tunaelewa uzito wa ombi la namna hiyo. Mkwe akikuomba ushike kazi ya ukoo wake, anakuambia kwamba anakuhesabu kuwa mtu wa nyumba. Tena ndoa ile ilikuwa imeleta maneno mengi kwetu. Kulikuwa wajomba waliosema binti amepotea, na kwamba watu wale hawatatujua kamwe. Mama mukubwa alisoma barua (tulimsomea mara tatu), akafunga karatasi katika kitambaa, akasema: « Banipe tu mwezi moya ya kuisoma. Kama miye nashindwa, njo batasema kweli binti alipotea. »

Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja. Tulidhani jioni moja itatosha. Ilichukua majuma matatu.

4. Maneno yanayodanganya

Msomaji anayejua Kiingereza kidogo atauliza: shida ilikuwa wapi? Ilikuwa katika mambo manne.

La kwanza, karatasi haina maneno. Ina herufi, namba, nyota na mabano. Herufi k, herufi p, halafu kitu kama « k2tog », ambacho si neno katika kamusi yoyote. Mtu anaweza kuwa na diplome ya Kiingereza asijue kuisoma. Mwalimu mmoja wa Kiingereza, rafiki yetu, aliitazama akasema labda ni kemia.

La pili, maneno machache yaliyoandikwa kwa ukamilifu yanadanganya. Kiingereza kinasema « right side », na kamusi inakwambia « upande wa kulia ». Lakini katika triko maana yake ni uso wa nguo, upande unaoonekana na watu. Usifikiri ni kosa la Kiingereza tu. Kifaransa tulichozoea kinasema maille à l'endroit, na kamusi inakwambia endroit ni mahali. Mtu atafuma « kitanzi mahali » namna gani? Kila lugha imeficha triko yake ndani ya maneno ya kawaida.

La tatu ni namba za sindano. Karatasi ilitaka sindano namba 8. Mama mukubwa alishtuka, kwa sababu sindano zake, za kipimo cha Kibelgiji na Kifaransa, zinahesabiwa kwa milimita, na 8 ni mti mnene kama kidole cha mtoto. Kwa namna ya zamani ya Uingereza, namba 8 ni milimita 4. Tena kipimo kile kinaenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba, kwa hiyo namba 10 ni milimita 3,25 na namba 14 ni milimita 2. Na Marekani nao wana namba 8 yao, ambayo ni milimita 5. Karatasi moja, namba moja, sindano tatu mbalimbali, na shali tatu ambazo hazifanani hata kidogo.

La nne, na njo lile lililotushika zaidi, ni kwamba mama mukubwa alijua kazi yote lakini hakuwa na maneno yake. Alikuwa na sauti. Mamasera walihesabu kwa Kifaransa mbele ya wasichana ambao wengi hawakusema Kifaransa, nao wakashika sauti kama mtu anavyoshika wimbo: anandrua, ananvere, demay asambl. Kwa miaka zaidi ya hamsini alizitumia bila kuuliza kila sauti inasema nini. Alipofundisha binti za jirani hakusema neno, alisema « tazama hapa » na « hivi, si hivi ». Mkono wake ulijua Kifaransa kuliko mdomo wake.

Basi kazi yetu haikuwa kutoa neno la Kiingereza na kutia la Kiswahili. Ilikuwa kupitia njia ndefu: herufi ya Kiingereza, tendo la mkono, sauti ya mamasera, halafu neno la Kiswahili ambalo tulipaswa kulichagua pamoja naye.

5. Namna tulivyochagua

Kwa maille tulichukua kitanzi, kwa sababu ni kile kile, uzi uliozungushwa ukajishika. Kwa upande wa mbele na wa nyuma mama mukubwa alikataa « mbele » na « nyuma », juu kazi inageuka kila mstari na mbele inakuwa nyuma. Akasema nguo ina uso na ina mgongo, hata ukiigeuza. Kwa hiyo: kitanzi cha uso na kitanzi cha mgongo. Kuanzisha vitanzi, kufunga vitanzi, kuunganisha viwili, kuazima kitanzi kwa sindano ya pembeni. Haya yalikuja bila vita.

Vita ilikuwa juu ya kile Wafaransa wanachoita jeté, pale unapozungusha uzi juu ya sindano bila kuchukua kitanzi, na mstari unaofuata unapata tundu. Mama mukubwa alitaka tuandike « tundu ». Binti ya ndugu yetu, aliyekuwa anajifunza, akasema: « Mama, wakati ninafanya, sioni tundu. Tundu linakuja nyuma. » Alikuwa na haki. Karatasi ya modeli inaamuru mkono, haipashi habari kwa jicho. Tukaandika tupa uzi kwa tendo, na tundu kwa kile kinachoonekana baadaye. Kifaransa nacho, kumbe, kinasema kitu kile kile: jeté maana yake kilichotupwa.

Moyo wa modeli ulikuwa mistari minne inayorudiliwa, ambayo watu wa Shetland wanaitumia sana, na inayofanya nguo iwe na mawimbi kama ya ziwa. Tunaitia hapa kama ilivyo katika kaye yetu:

Mstari wa 1: uso tu.
Mstari wa 2: mgongo tu.
Mstari wa 3: unganisha viwili kwa uso, mara 3, (tupa uzi, uso moja) mara 6, unganisha viwili kwa uso, mara 3. Rudilia kwa kila vitanzi 18.
Mstari wa 4: uso tu.

Mwenye jicho ataona kwamba shida yote iko katika mabano ya mstari wa 3. Je, « mara 6 » inashika mambo mawili, kutupa uzi na kitanzi, ao inashika kitanzi peke yake? Karatasi ya Kiingereza ilikuwa fotokopi ya fotokopi, na mabano yalionekana nusu. Sisi tulianza kubishana kwa sarufi. Mama mukubwa akasema: « Leteni maharagi. »

Akahesabu maharagi 18 juu ya meza. Sita za kwanza akaziunganisha mbili mbili, zikabaki 3. Sita za mwisho vivyo hivyo, zikabaki 3. Katikati zilibaki 6. Kwanza akafuata ile namna ya pili, uzi unatupwa mara moja tu: aliongeza haragi moja, katikati ikawa 7. Jumla 13. « Hesabu haiyarudi ku nyumba, » akasema. « Na bile bingine bitano, bilienda wapi? » Halafu akafuata ile namna ya kwanza, uzi unatupwa mbele ya kila kitanzi: katikati ikawa 12. Tatu na kumi na mbili na tatu, 18. Akatazama sisi wenye diplome, akakusanya maharagi yake, akaenda kuyapika.

Alikuwa ameeleza siri yote ya mawimbi. Pembeni vitanzi sita vinapotea, katikati sita vinazaliwa. Jumla haibadiliki, lakini nguo inavutwa huku na kusukumwa kule, na njo maana mstari haukai sawa, unapanda na kushuka. Modeli ilitaka vitanzi 190: mawimbi 10 ya vitanzi 18, na 5 kila upande kwa ajili ya ukingo. Mistari minne ilirudiliwa mara 60, maana yake mistari 240. Atakayependa azidishe: ni vitanzi 45.600, na kama mabano yangesomwa vibaya, mstari wa tatu wa kwanza peke yake ungekula vitanzi 50.

Leni ya Shetland haipatikani katika soko letu, basi alichukua uzi mwepesi mweupe wa hapa. Kabla ya kuanza alifuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, akalinganisha hesabu na ya karatasi. Hilo nalo lilikuwa na neno katika Kifaransa, échantillon. Yeye aliita muonjo, kama unavyoonja mboga kabla ya kuleta wageni.

6. Meno ya paka

Shali ilichukua miezi minne, katika zile saa umeme ulipokuwepo na katika zile za mchana, karibu na dirisha. Msafiri mmoja aliipeleka. Kutoka kule binti yake alitusimulia kwa telefone namna mambo yalivyokwenda: mama wa bwana aliitandika juu ya kitanda, akapitisha vidole vyake vilivyopinda juu ya mawimbi, moja baada ya moja, akihesabu kwa sauti ndogo mpaka kumi. Halafu akafika kwenye ukingo, akasimama.

Ule ukingo haukuwa wa modeli. Karatasi ilikuwa imekatika chini, na mistari ya mwisho haikuonekana. Mama mukubwa alikuwa ametia ukingo aliojifunza kwa mamasera akiwa msichana. Unafuma mstari wa kutupa uzi na kuunganisha viwili, tena na tena, halafu mistari michache ya kawaida, unakunja kwa ndani na kushona. Pale nguo inapokunjika, matundu yanakuwa meno madogo madogo. Wafaransa wanaita dents de chat, na sisi, bila kutafuta, tunasema meno ya paka.

Mama yule wa Uskoti aliuliza: huu ukingo unaitwaje, na unafanywa namna gani? Basi safari hii tafsiri ilirudi njia ile ile kwa kinyume. Mama mukubwa alisema kwa Kiswahili, sisi tukaandika, binti akageuza katika zile herufi za k na p, na nyanya wa Shetland akaandika chini ya modeli ya ukoo wake, kwa biki. Tunaambiwa kwamba mtoto wa pili wa nyumba ile, aliyezaliwa baadaye, shali yake ilifumwa na shangazi yake wa kule. Ilikuwa na mawimbi ya Shetland na meno ya paka. Wale wajomba hatukuwasikia tena wakisema binti amepotea.

7. Je, triko ni mila yetu?

Kuna watu katika chama chetu waliosema: mnaandika juu ya kazi ya wakoloni katika kitabu cha mila. Tunawajibu kwa heshima.

Kwanza, kuhesabu modeli kwa mkono na kuishika kwa kichwa si kitu kigeni hapa. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume wanafuma kitambaa cha rafia, halafu wanawake wanatia mapambo kwa sindano, pembe na mistari inayokutana, bila kuchora kwanza. Modeli iko kichwani. Kwa Waluba wa Katanga kulikuwa na lukasa, ubao mdogo wenye shanga na alama. Mtu wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kuume juu ya shanga, akasoma historia ya wafalme. Kidole kinachosoma, jicho linalohesabu, hayo tulikuwa nayo. Hatusemi lukasa ni triko. Tunasema mama zetu hawakupokea sindano wakiwa na mikono mitupu.

Pili, kitu kinakuwa mila pale watu wanapokirithisha, wanapokibadilisha kwa hitaji lao, na wanapokosa kukumbuka maisha bila chenyewe. Hata muhogo na mahindi vilitoka Amerika, na leo nani atakubali kumwambia mwana Katanga kwamba bukari si chakula cha kwao? Kazi iliyotolewa kwa wasichana ili wasiende mbali imelipa karo za watoto walioenda mbali sana. Hiyo ni historia yetu, si ya mamasera.

Tatu, na hili ndilo linalotusumbua, mila hii iko katika hatari ambayo ngoma haina. Ngoma inasikika na watu wote. Triko inakaa kimya katika vidole vya mama mmoja, na akifa inakufa naye. Mama mukubwa alifariki miaka michache baada ya shali ile. Alituachia kaye moja ya kurasa 32, yenye modeli saba alizokubali kuzisema kwa maneno: bone, viatu vya kichanga, triko ya shule ya ukubwa tatu, kitambaa cha mabega na ile shali ya mawimbi. Tulihesabu na binti zake modeli ambazo alizijua na ambazo hakuna aliyeziandika. Tulipofika kumi na nne tuliacha.

Kuna moja hasa, ya vitanzi vinavyopishana kama nywele zilizosukwa misuko mitatu, ambayo alifumia triko ya bwana wake. Triko yenyewe ingalipo. Tumeigeuza uso na mgongo, tumejaribu kuihesabu, na binti ya ndugu yetu amefika mpaka mstari wa 9. Kuanzia hapo hesabu hairudi nyumbani. Hatutaki kuifumua, kwa sababu ikifumuliwa tutapata uzi tu.

Kwa hiyo tunaomba wasomaji jambo moja ambalo halina gharama kubwa. Kama nyumbani kwenu kuna mama anayejua triko, nunueni kaye, mkae naye, mumuombe aseme kwa mdomo kile mkono wake unafanya, na muandike kwa Kiswahili, maneno yake mwenyewe, hata kama ni tofauti na yetu. Kama kule Bukavu ao Kalemie wanaita kitanzi kwa jina lingine, tutafurahi kulijua. Wekeni maharagi mezani mkipinga. Na mufanye mwaka huu, wakati wa baridi, pale sindano zinapotoka sandukuni zenyewe.